Aliyepika Huonja Kwanza

Mpendwa Baba Masika,

Matanga yako yalivunjwa Jumamosi. Watu wameondoka, sufuria za kuazima zimerudi kwa wenyewe, na mimi nimekaa mlangoni hapa Karambi nikikuandikia, maana ulikuwepo na hukuwepo, kama ilivyokuwa kawaida yako. Ulizoea kunipigia simu na kuuliza, "Mama Masika, habari ya huko?" nami nilikupa habari zote, hadi za kuku aliyeacha kutaga. Basi leo pia nakupa. Uzisikilize mpaka mwisho, kwa kuwa mara hii huwezi kusingizia kwamba mtandao unakatika. Na barua nimeiacha wazi, mwenye kutaka kuisoma na asome. Mambo yenyewe yalifanyika mbele ya watu.

Nianze na chupa.

Aliileta yule rafiki yako wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, mliyefanya naye kazi kwenye shamba la mizabibu kule Uingereza. Alikuwa safarini kwenda kwao, akashuka Bwera kabla ya kuvuka mpaka, akapanda bodaboda hadi huku mlimani akiwa amekumbatia mfuko kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Ndani ya mfuko mlikuwa na sweta lako la kijivu, na ndani ya sweta mlikuwa na chupa ya kijani kibichi kilichokolea, nzito, kizibo chake kimefungwa kwa waya.

"Mama, pole sana," akasema. "Bwana yako alikuwa mutu ya muzuri. Hii divai ni ya zabibu ya ule mwaka alifika. Alizikata yeye, alizilalisha yeye, alikuwa anazigeuza yeye. Ule bibi ya shamba alisema lazima ifike kwa matanga yake."

Kisha akaniangalia kwa ukali kidogo, kama daktari anayekupa dawa akijua utaikosea. "Uilalishe chini, mahali ya baridi. Na musitikise. Mukiitikisa, itaruka yote."

Alikunywa chai yangu bila kukaa vizuri kwenye kiti, akalia kidogo, akaenda zake. Nililaza chupa yako kwenye sakafu ya chumba cha nyuma, juu ya gunia nililolinyunyizia maji kila asubuhi. Masika aliniuliza kwa nini nainywesha. Nikamwambia ndicho kitu pekee cha baba yake kilichorudi kikiwa kizima.

Unakumbuka Kikorongo? Mimi nauza mandazi kwa madereva wa malori pale njia panda, wewe unashuka kwenye pikapu ya ile hoteli ya watalii ya karibu na Katunguru, ulikokuwa mhudumu wa vinywaji, umevaa shati jeupe na tai ya kipepeo ambayo kwa mbali nilidhani ni bandeji. Ukanunua andazi, ukalitafuna taratibu, ukasema, "Dada, hii mandazi iko muzuri, lakini hamira iko mingi." Nikakuuliza wewe mwanaume wa mpakani hamira umeijulia wapi. Ukasema mama yako anapika pombe, na mtu aliyekulia kando ya mtumbwi wa kukamulia pombe hunusa hamira kabla hajaiona.

Nilikicheka Kiswahili chako. Mimi binti wa Mkenya wa kiwanda cha saruji, niliyekulia kwenye nyumba za wafanyakazi Hima, nilijiona ndiye mwenye Kiswahili katika Kasese nzima. Wewe ukaja na kile cha Mpondwe, mutu na mutoto, na bado ukanishinda kwa maneno. Kikonzo changu, lugha ya kwenu, kilikuwa cha kuombea maji tu. Kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichotuozesha, tena kile kibovu chako, si hiki kizuri changu.

Uliponileta hapa mara ya kwanza, mama yako alikuwa hajaokoka bado. Tonto yake, ile pombe ya ndizi, ilijulikana hadi ng'ambo ya mpaka. Ulivua viatu, ukaosha miguu, ukaingia kwenye mtumbwi kukanyaga ndizi pamoja na majani ili nione, na mimi nikaona: wewe, msafi kuliko wanaume wote wa njia panda, umejaa utomvu mpaka magotini na unacheka. Mama yako akanifundisha mambo mawili siku ile, wewe ukitafsiri.

La kwanza, kibuyu hutikiswa kabla ya kumimina, ili machicha yapande na kila mtu apate sehemu yake. Kumimina bila kutikisa ni dharau. Wa mbele anakunywa maji, wa nyuma anatafuna makapi.

La pili, aliyepika huonja kwanza. Hakuna mgeni atakayetia mdomo kabla mpishi hajameza mbele ya macho ya watu. Ni kusema hapa hakuna sumu, wala moyoni hakuna. Na mpishi akiwa hayupo, anaonja yule anayesimama mahali pake, na huyo ndiye mwenye nyumba. Nikasema mbona ni mzigo mkubwa kwa funda moja. Mama yako akacheka, akasema nitazoea.

Halafu wakaja wale wazee wawili, mume na mke, watalii waliokuja kutazama tembo wakaishia kukutazama wewe. Ukawapelekea tonto kwenye chupa ya soda, ukaonja mbele yao, ukawaeleza kwa nini. Walikuwa na kishamba chao cha mizabibu kwenye kilima cha udongo mweupe kama chaki, wakitengeneza divai yenye povu. Yule bibi akakuuliza maswali siku nzima, mume wake akaenda peke yake kutazama viboko. Baada ya miezi kadhaa wakakuita.

Ulisema utakaa huko misimu miwili tu. Masika alikuwa hajaota meno. Nilikusindikiza hadi Kikorongo, tukangoja basi tukila mandazi ya mtu mwingine, na ukaniambia, "Nitarudi mbele mutoto haijasema baba." Alisema baba, mume wangu. Aliiambia simu.

Sitaki uongo katika barua hii, kwa hiyo nitasema pia kwamba nilizipenda zile simu. Uliponieleza kazi yako nilikuwa nakanda unga, simu imebanwa kati ya bega na sikio. Ulisema huko divai inapikwa mara mbili. Mara ya kwanza kwenye mapipa, kama watu wote. Mara ya pili ndani ya chupa yenyewe: wanatia sukari kidogo na hamira, wanafunga kwa kizibo kama cha soda, na ile hewa ikikosa pa kutokea inajificha ndani ya divai. Kisha chupa zinalazwa ghalani, chini ya ardhi, gizani. Miaka.

"Zinangoja nini?" nikakuuliza.

"Hamira ife."

"Ikishakufa?"

"Basi ndiyo inaanza kazi. Inaachilia utamu yake polepole. Ukiiharakisha, unapata pombe. Ukiingoja, unapata kitu ingine."

"Kwa hiyo iliyokufa ndiyo inafanya kazi. Nyinyi wazima mnafanya nini?"

"Sisi tunageuza."

Ukacheka mpaka ukakohoa. Ukanieleza ubao wenye matundu, chupa zimesimama kichwa chini, na wewe unapita ukizizungusha kidogo kidogo ili machicha yateleze hadi shingoni. Mwisho wanagandisha ile shingo, wanafungua, machicha yanaruka nje, divai inabaki imetakata, wanaifunga upya kwa kizibo cha waya. Nikashangaa kweli. "Machicha mnayatupa?" Ukasema mnayatupa. Nikasema mama yako akisikia atalia. Ukasema, "Usimwambie."

Nikakuuliza kama hiyo ndiyo shampeni ya kwenye maharusi. Ukakasirika! "Hapana. Shampeni iko ya Wafaransa. Yetu iko ya Kiingereza." Ulisema yetu. Nililisikia lile neno nikaendelea kukanda.

Baada ya hapo nikawa nalisikia kila mara. Mizabibu yetu imepigwa na baridi. Tumewasha mishumaa mistarini mpaka kukacha, ili machipukizi yasigande. Chupa zetu za mwaka ule wa kwanza, bibi amekataa kuzifungua, anasema zilale tu. Huku nyumbani kahawa yetu ilikuwa inanyauka, shina moja baada ya jingine, na nikikueleza ulisema, "Mwambie Kule aangalie." Kule mdogo wako aliangalia. Kila kitu aliangalia Kule. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na nyoka walikuwepo.

Ulirudi mara moja tu, kumzika baba yako. Mikono yako ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi. Ulilala na soksi. Asubuhi ulitembea kwenye kahawa, ukoo mzima ukitazama, ukashika tawi, ukasema tumepogoa vibaya, na Kule aliyekuwa nyuma yako na panga mkononi akaliweka chini. Nilimwona akiliweka. Wewe hukumwona. Ulikuwa unatazama tawi.

Habari ya kifo chako ilinikuta sokoni Mpondwe. Alinipigia huyo huyo wa Butembo. Alisema mlikuwa mnapogoa, kule jua la baridi linazama mapema, ukapanda baiskeli kurudi chumbani kwako kwa ile njia nyembamba yenye ua wa miti pande zote, na gari halikukuona. Walikukuta mtaroni. Nilikuwa nimeshika kopo la kupimia maharage. Nikaendelea kupima. Yule mwanamke aliyekuwa ananunua alisema, "Mama, imejaa, imejaa," nami nikazidi kumwaga, mpaka akanishika mkono.

Tulilingoja jeneza lako Kikorongo, mimi na mama yako na Kule na nusu ya ukoo. Lilikuja limefungwa kwa bati ndani ya mbao, na karatasi zikisema lisifunguliwe. Mjomba wako, Mzee Baluku, akasema waliofunga wana sababu zao, tusifungue. Mama yako aliligonga kwa kiganja, akauliza, "Munanizikisha nani?" Alikuwa akiligonga njia nzima ndani ya gari, si kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. Tulikuzika kwenye kahawa kando ya baba yako. Sikuuona uso wako. Mpaka leo, nikisikia pikipiki inapanda kilima, mwili wangu unainuka kabla akili haijaukataza.

Siku ya tatu Kule akaja kunisemesha. Alivua kofia. Nitamtendea haki: hakupiga kelele.

"Shemeji," akasema, "hii nyumba na hii kahawa ni ya ukoo. Mimi ndiyo nilibaki. Baba aliugua mikononi mwangu. Mama akiita, ni mimi naitika. Siku ya matanga nitasimama mahali ya kaka yangu Bwambale. Wewe bado kijana, urudi kwa watu yako. Masika abaki. Mutoto ni wetu."

Watu wangu! Baba yangu alirudi Kenya alipostaafu na akazikwa huko. Hima nimebakiza vumbi la saruji tu. Lakini sikusikia habari ya nyumba wala kahawa. Nilisikia Masika abaki. Nikamwambia atanitoa hapa nikiwa ndani ya sanduku kama kaka yake. Akavaa kofia, akasema wazee wataona.

Na wewe ulijua jinsi wazee wa kwenu wanavyoona. Hawaandiki, hawapigi kura. Wanangoja pombe ya matanga iletwe, wanatazama ni nani anayeonja kwa niaba ya marehemu, na baada ya hapo wanasema nyumba ina mtu. Mama yako ameokoka, hapiki tena. Kule alikuwa ameagiza tonto kwa jirani. Lakini habari ya chupa ilikuwa imeshaenea kijiji kizima, kwamba Bwambale ameleta pombe aliyoipika mwenyewe Ulaya, imelala miaka na haijaharibika. Watu wakaanza kunong'ona. Tonto haimalizi juma bila kuchacha. Pombe ya miaka yote hiyo, iliyotoka kwa mtu aliyekufa, itakuwa na nini ndani?

Basi Jumamosi ndiyo hiyo. Turubai, mabenchi, katekista na Biblia yake, wanawake na sufuria za muhogo. Sala zilipokwisha Mzee Baluku akasema iletwe ile chupa. Niliitoa chumbani mwenyewe, imelala mikononi, na nilikuwa sijafika katikati ya uwanja Kule aliponipokonya. Alikuwa amevaa suti yake ya harusi.

"Aliyepika hii iko wapi?" Mzee Baluku akauliza, jinsi inavyoulizwa siku zote.

Watu wakatazama kaburi.

"Basi nani anaonja kwa niaba yake?"

"Mimi ndiyo damu yake," Kule akasema. "Mimi naonja."

Nikasema, "Shemeji, usiitikise. Aliyeileta alisema isitikiswe."

Akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, sijui kwa hasira au kwa kilio. "Mwanamke ya Hima itanifundisha pombe? Tukinywa ya juu peke yake, ya chini inabakia nani?" Akasokota waya ukatoka. Akaishika chupa shingoni na kwenye kitako, kama kibuyu cha mama yako, akaitikisa. Aliitikisa kwa heshima, Baba Masika, nilimwona. Aliitikisa kama mtoto aliyelelewa vizuri, ili machicha yapande na asipunjwe mtu. Hakujua kwamba wewe ulishinda miaka ukiyashusha.

Ililia kama bunduki. Watoto wakalala chini. Kizibo kilipiga turubai, na divai yako ikapanda hewani nyeupe yote, ikamvaa Kule usoni, kwenye tai, kwenye suti, ikamwagika ardhini ikichemka. Katekista akasema jina la Yesu. Kuna mwanamke aliyepiga yowe kwamba marehemu amekataa, na wengine wakaitikia, amekataa, amekataa. Kule alisimama akichuruzika, chupa bado mkononi. Hakuwa na uso wa mtu anayenyang'anya. Alikuwa na uso wa mtu aliyesemeshwa vibaya na kaka yake mbele ya ukoo, kwa mara ya pili.

Mzee Baluku alingoja kelele zipoe. Akaichukua chupa, akaiinua juani. Ndani mlikuwa mmebaki kidogo, mafunda mawili hivi.

"Nauliza tena," akasema.

Aliyesema ni mama yako. Alisema kwa Kikonzo, polepole, nami nikaelewa kila neno. Alisema, "Mwanangu alipokuwa akieleza hii kazi yake kwa simu, hakunieleza mimi, hakumweleza Kule. Alimweleza mke wake. Anayejua kilichomo ni huyu. Mpeni."

Nikapewa. Nikaisogeza puani kwanza, kama ulivyosema ndivyo mnavyofanya, nikainusa tena, maana iliyotoka mle ilikuwa harufu ya beseni langu la unga ninapolifunua asubuhi. Nikanywa.

Vipovu viliuma ulimi, vidogo vidogo, bila ugomvi. Halafu uchachu wa pasheni ambayo bado siku chache iive. Halafu mkate uliotoka sasa hivi kwenye mkaa, na karanga za kukaanga, na kitu kama asali ambacho hakikuwa na sukari. Nilimeza, na bado kikaendelea. Nilisimama pale nikiwa sina kitu tena kinywani na ladha inaendelea kuja, na watu wote wananitazama koo.

"Inasemaje?" Mzee Baluku akauliza.

Hapo mwenye nyumba hujibu maneno yale yale, tangu zamani. Nikayasema kwa Kiswahili chako cha mpakani, nadhani ili uyasikie. "Iko safi. Haina kitu mubaya. Munywe."

Mama yako akanyoosha mkono. Alikuwa hajagusa pombe tangu aokoke, na katekista alikuwepo. Katekista akageuka kutazama kahawa kwa makini sana. Alilimaliza lile funda la mwisho, akafumba macho, akasema, "Ni yeye." Ndipo akalia. Tangu siku ya jeneza hakuwa amelia, alikuwa akigonga tu mbao na kuta na meza. Alilia kwa sauti ambayo sitaki Masika aikumbuke, lakini ataikumbuka.

Kwa hiyo niliwaambia wanywe na hapakuwa na cha kunywa. Kule akachuchumaa na suti yake iliyolowa. Akagusa matope pale divai ilipomwagika, akatia kidole mdomoni. Akasema, "Yaya," neno moja tu la kumwita kaka, kama alivyokuita utotoni, na akabaki amechuchumaa hapo hadi wanawake walipomwinua.

Mzee Baluku akasimama, akasema nyumba ina mtu. Tonto ya jirani ikaletwa. Ikatikiswa, ikanywewa.

Nimeshinda, Baba Masika. Masika yuko ndani, amelala kitandani kwangu. Kule alikuja jana na panga, akakata yale mashina yaliyonyauka, akaenda. Kahawa nitaipanda upya. Watu wananiita mwenye nyumba, na wengine wanasema ulinichagua mwenyewe kwa lile povu, nami nawaacha waseme, kwa sababu inanifaa.

Lakini nilipomeza, kuna jambo jingine lililonipata ambalo sikulisema uwanjani.

Miaka hii yote nilikuombea kama watu wanavyomwombea mfungwa. Nilipofikiria ile mikono iliyopasuka, na baridi, na chumba chako juu ya ghala la watu, nilisema mume wangu anavumilia kwa ajili yetu, siku moja watamwachia, atarudi. Nilimwambia Masika hivyo alipolia. Nilijiambia mimi mwenyewe hivyo, na ndivyo nilivyoweza kukaa. Kama ningeikuta divai yako mbaya, ningekulilia kwa huruma na kuendelea kuamini.

Ilikuwa nzuri. Hakuna kitu kilichowahi kuingia kinywani mwangu kikawa kizuri hivyo. Na mimi ni mpishi, hata kama ni wa mandazi. Najua chakula kilichopikwa na mtu anayetazama saa, na najua kilichopikwa na mtu aliyesahau kama saa ipo. Kile hakikupikwa na mtu aliyekuwa akingoja kurudi nyumbani.

Nimekaa na jambo hilo tangu Jumamosi. Sina wa kumweleza ila wewe. Mama yako alisema, "Ni yeye," na alisema kweli, alikutambua. Mimi pia nilikutambua, yule mwanaume aliyesimama kwenye mtumbwi wa ndizi akicheka. Sikujua tu kwamba ulikuwa unaendelea kucheka.

Lala, Baba Masika. Kesho naanza kupalilia. Nitaanzia upande wa mbali na kaburi lako, kule mpakani na shamba la Kule, kwa maana bado nina hasira. Nikifika ulipo, labda itakuwa imepungua.

Mjane wako,
Mama Masika